Kaya ya Bi Mwamvua

Nijitaje kwanza, asije mtu akasema nasengenya watu nikiwa nimejificha. Naitwa Uweso, fundi cherehani. Miaka kumi na tisa nilishonea kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Jumbe, barabara ya kumi na tano, Ngamiani, hapa hapa Tanga. Ninayetaka kumsimulia ni Bi Mwamvua. Hakusoma, hakutajirika, hakuwahi kusimama jukwaani akapigiwa makofi. Alikaanga mihogo. Lakini nyumba ile, ukiondoa kuta na mabati, ilikuwa ni yeye.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko, bomba na choo. Vyumba sita, familia sita, sote wapangaji. Bi Mwamvua alikaa chumba cha kwanza kushoto, peke yake. Kwao Tongoni. Aliolewa mjini na kuli wa bandarini, mume akafa mapema, na watoto wawili aliojaaliwa hakuna aliyefika kutambaa. Miaka thelathini na mmoja alikaa chumba kile kile. Asubuhi alikuwa kwenye lango la shule na karai lake la mihogo na chachandu ya pilipili ya kutoa machozi, na mchana anarudi uani kutugombeza.

Na mdomo alikuwa nao! Nikitundika nguo niliyomaliza, atatoka, ataigeuza huku na huku, kisha: "Weye Uweso, hii suruali umemshonea mtu ama mbuzi?" Mbele ya mteja. Nami namjibu kwamba mihogo yake inatafunwa kwa meno ya kuazima, basi tunaendelea hivyo mpaka adhuhuri. Siku Kristina na mumewe Noa, seremala, waliposhuka kutoka Lushoto na vitu vyao, wanawake wa uani walianza kunong'onezana kwamba hawa Walutheri tutaishi nao vipi. Bi Mwamvua aliwanyamazisha wote. Alisema hapa haulizwi mtu anasali wapi, anaulizwa kama anafagia zamu yake ikifika. Kristina akawa anafagia hata zamu za watu. Mke wangu Hasina alipojifungua mtoto wetu wa tatu, aliyempikia uji siku arobaini ni Bi Mwamvua, na kila siku uji ulikuja na matusi yake juu yangu mimi.

Lakini nisikudanganye. Kila chumba kilikuwa na chungu chake. Miezi kumi na moja kila mtu na sufuria yake, na ukikuta mkaa wako umepungua, uani hapakaliki. Mwezi mmoja tu tulikula pamoja, mwezi wa Ramadhani. Wanawake wanapika futari pamoja, mkeka unatandikwa uani, na Kristina naye analeta sahani yake ya ndizi za nazi anakaa nasi. Shika hilo la chungu, maana ndilo lililotumaliza.

Sasa nije kwenye kanuni ya ujenzi iliyotufikia. Mtaa wetu ulikuwa umepangwa tangu enzi na enzi kuwa wa nyumba za chini: kiwanja kimoja, nyumba moja, hakuna kupanda juu. Ikaja habari kwamba mpango umebadilishwa. Mwenye kiwanja akitaka kupandisha ghorofa nne, ruhusa atapewa, ila kwa sharti: sehemu ya nyumba zitakazopatikana apangishiwe mtu wa kipato cha chini kwa bei nafuu, na wa kwanza kupewa wawe wale wale waliokuwa wapangaji pale kabla ya kubomoa. Nasema kweli, niliposikia nilifurahi. Nikasema leo wakubwa wametukumbuka. Nilimuuliza tu bwana mmoja wa mradi huo kwa nini wasianzie Raskazone, kwenye viwanja ambavyo nyumba moja ina uwanja wa kuchezea mpira. Akanijibu kwamba Raskazone ni awamu ya pili. Haya.

Mzee Jumbe alikufa mwaka ule ule. Nyumba ikarithiwa na binti yake Shadya, anayekaa Dar es Salaam, na Shadya hakuwa mtu mbaya. Alituita, akatuambia amepata mjenzi, na kwamba hatatutupa, sheria yenyewe haimruhusu. Ukaitishwa mkutano wa mtaa kuelezea hayo masharti moja moja. Siku ya mkutano ikaangukia siku ya arobaini ya Mzee Jumbe. Tungekwenda kusikiliza masharti ya ghorofa, wenzetu wanasoma hitima ya mtu aliyetukalisha miaka yote hiyo na hajawahi kumtoa mtu kwa kuchelewesha kodi? Hatukwenda hata mmoja. Tulikula pilau ya arobaini, tukamwombea, tukarudi nyumbani hatujui lolote.

Kisha wakaja makarani wa kuhesabu wapangaji. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi na moja na nusu jioni. Aliyeletwa kwetu ni binti wa bara, Consolata, mpole, viatu vimejaa vumbi, kishikwambi mkononi. Akakuta uani moshi, sufuria kubwa moja jikoni, mkeka umetandikwa, sahani zinapangwa. Akasema ana maswali machache tu. Akasoma kwenye kioo chake, kwa sauti, neno kwa neno, kwamba kaya ni watu wanaokaa pamoja na kupika pamoja. Kisha akauliza hapa mko kaya ngapi.

Nataka uelewe. Mgeni kaingia uani kwako magharibi inakaribia. Mwenyeji wa pwani atasimama amwambie huyu ana chungu chake, na yule ana chake, na yule pale jana kagombana na huyu kwa mkaa? Aibu hiyo utaiweka wapi? Bi Mwamvua alijifuta mikono kwenye khanga, akainua kidevu. "Mwanangu, hapa hakuna kaya ngapi. Hapa ni nyumba moja. Tunapika pamoja, tunakula pamoja. Si unaona mwenyewe?"

Consolata, Mungu ampe heri, aliuliza tena. Aliuliza kama ni kila siku, si Ramadhani tu. Tukaitikia sote, ua mzima, kwamba ni kila siku. Hata Kristina alisema yeye ni Mlutheri lakini anakula mkeka ule ule. Tulikuwa tunajisikia fahari, nakwambia. Binti akauliza mkuu wa kaya ni nani. Bi Mwamvua hakutaka kujitaja mwenyewe. Mimi nilikuwa mlango wa uani nafunika cherehani niliyoiingiza ndani. Nikapaza sauti nikasema: "Mwandike Bi Mwamvua. Mkubwa wetu ni huyo."

Akamwandika. Akatuandika na sisi watu wazima chini yake kwa kufuatana tulivyosimama, wa kwanza mimi, kisha watoto. Watu ishirini na watatu. Adhana ikalia, tukamshika mkono akae, akala tambi na sisi, akashukuru, akaenda zake. Bi Mwamvua alimfungia na visheti kwenye karatasi.

Baada ya wiki mbili orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, mwenye pingamizi aseme ndani ya siku kumi na nne. Nilitumwa mimi kusoma, kwa kuwa nilifika darasa la saba na macho bado yapo. Nikasoma: Mwamvua Kombo, mkuu wa kaya, watu ishirini na watatu. Nikahesabu majina yote, hakuna aliyerukwa, hata kichanga cha Kristina kilikuwemo. Nikarudi nikatangaza uani kwamba tumo wote. Watu wakapiga vigelegele. Pingamizi la nini?

Nyumba ikavunjwa mwezi wa tisa. Tukatawanyika, kila mtu akajitafutia pa kujisitiri kwa muda. Mimi nikapata chumba Magaoni, Kristina na Noa wakaenda Mabokweni, Bi Mwamvua akapata kijichumba huko huko Mabokweni nyuma ya ghala la mkaa. Wengine wakaangukia Pongwe, mmoja akafika mpaka Muheza. Tulisema ni mwaka mmoja tu. Ikawa miwili na miezi. Kila nikipita Ngamiani nilisimama kutazama ghorofa linavyopanda, nikachagua hata dirisha.

Siku ya kuitwa, tulikwenda sote sita na nguo za Idd. Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja chenye feni. Mama aliyetupokea alikuwa na adabu zake zote. Akafungua faili, akasoma, akatoa ufunguo mmoja.

Tukangoja nyingine. Akatuambia ndio huo. Kila kaya nyumba moja, na kaya iliyoandikwa kwenye kiwanja kile ni moja. Chumba, sebule, jiko na choo ndani, isizidi watu sita. Noa alidhani kakosea faili. Mama yule akageuza kishikwambi tukaona wenyewe majibu yetu: mnapika pamoja, ndiyo, kila siku, ndiyo. Nyumba nyingine zote za bei nafuu zilikwishapata watu, wapangaji wa viwanja vya jirani, waliosema uani mbele ya mgeni bila haya kwamba kila mtu na lake. Lo! Ulimi uliponza kichwa, waliosema hawakukosea.

Bi Mwamvua hakulia. Alikaa kitini akiutazama ule ufunguo mezani, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni bibi kizee.

Kuanzia hapo akaanza kwenda ofisi ile kila Jumatatu. Anaacha karai lake, anafunga ushungi, anapanda bajaji mpaka mjini. Akaambiwa alete ushahidi kwamba zilikuwa familia sita mbali mbali. Ebo, ushahidi gani? Mikataba ya kupanga? Mzee Jumbe hakuandikiana na mtu, neno lake lilitosha. Umeme? Luku ilikuwa moja, tukichangishana. Maji? Bomba moja. Mjumbe wa mtaa? Mjumbe alikuwa amekwishapiga muhuri ile orodha, na siku zile kumi na nne zilipita hakuna aliyefungua mdomo. Kila tulichokigusa kikasema kama tulivyosema sisi, kwamba tulikuwa nyumba moja. Shadya alipigiwa simu akaandika barua ya kututetea. Barua ikapokelewa ikawekwa kwenye faili.

Mwisho wakatoa tarehe. Mkuu wa kaya asaini achukue ufunguo kabla ya tarehe ishirini na nane.

Tukakutana kwa Kristina, Mabokweni, chumba ambacho wakisimama wanne wa tano atoke nje. Unajua desturi zetu. Hakuna aliyesema nataka. Kila mmoja alisema Bi Mwamvua achukue yeye, ndiye mkubwa, ndiye anayestahiki, na kila mmoja akimaliza kusema alitazama chini. Mimi nilisema hivyo hivyo. Hasina alisema hivyo hivyo, na mtoto wetu yuko mapajani anakohoa kile kikohozi cha Magaoni, cha ukuta unaotoka maji.

Bi Mwamvua alituacha tumalize. "Neno lilitoka kwangu," alisema. "Nikiingia mie, nimewafungia mlango nyie. Nikimchagua mmoja wenu, nimewakana wanne. Sisaini. Na wala asisaini mtu. Ufunguo ule ukikaa pale mezani, ipo siku mkubwa wao atauliza kwa nini watu maskini wamekataa nyumba, na hapo watatufungulia hesabu upya."

Alikuwa amelifikiri kweli. Hatukuwa na kitu kingine chochote cha kuwashika nacho, ila ule ufunguo usiochukuliwa. Tukakubaliana sote. Tukaomba dua, Kristina akaitikia amina yake, tukapeana mikono mmoja mmoja. Nilimpa Bi Mwamvua mkono huu huu.

Njiani nikimsindikiza nilifikiri kumwambia kwamba neno halikutoka kwake peke yake, kwamba mimi ndiye niliyesema aandikwe mkuu. Sikumwambia. Nilingoja alikumbuke yeye mwenyewe anitukane kama zamani, nami niombe radhi, yaishe. Hakulikumbuka, au alilikumbuka akanisitiri.

Tarehe ishirini na sita nilipeleka sare za shule mjini, nikapita ofisi ya mradi. Kupita tu, nilijiambia. Mama yule akaniuliza kama mkuu wa kaya atakuja. Nikasema sijui. Akaniambia asipokuja, nyumba itapigiwa kura wapewe watu wa orodha ya kungojea, na shauri limekwisha. Ila kanuni inamruhusu mtu mzima wa pili kwenye kaya asaini kwa niaba. Akashusha kidole. Wa pili alikuwa mimi.

Watu hupenda kusema mke ndiye aliyemsukuma. Hasina hakunisukuma, hata hakujua nipo pale. Nilimfikiria mtoto na kikohozi chake, nikafikiria kura, nikajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikajiambia pia nitakapokwishaingia nitawapigania wenzangu nikiwa ndani. Huo ulikuwa uongo na niliujua wakati naufikiri. Nikashika kalamu nikasaini.

Jumatatu iliyofuata Bi Mwamvua alikwenda ofisini kama kawaida yake. Wakamwambia hana haja ya kuja tena. Kaya yake imekwishapokea makazi, faili limefungwa.

Nasikia alishukuru akatoka. Nasikia alikaa kwenye ngazi za nje mpaka wakafunga ofisi. Noa ndiye aliyemfuata.

Tuko ghorofa ya tatu. Maji yanatoka bombani, mtoto hakohoi tena, namshukuru Mungu kwa hilo na sitajifanya simshukuru. Mkaa hauruhusiwi, tunapikia gesi. Hakuna ua. Majirani tunakutana ngazini, shikamoo, marahaba, kila mtu anafunga mlango wake. Kristina nilikutana naye soko la Mgandini akageuza uso kwenye mafungu ya nyanya mpaka nikapita. Wengine hawapokei simu zangu. Hasina anasema nijipe moyo, watasahau. Hasina hawajui watu wa Tanga, au anawajua na ananihurumia.

Nilikaa miezi minne kabla ya kwenda kwa Bi Mwamvua. Nilikwenda siku ya Ijumaa baada ya sala, nimembebea kilo mbili za mchele na doti ya khanga. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa matusi yake. Niliyatamani, Wallahi. Nilitaka aniambie mbele ya mtaa mzima kwamba mimi mbuzi, na mwana wa mbuzi, na suruali zangu ni za mbuzi, anitimue na mchele wangu, kisha nirudi kesho yake na kesho yake tena mpaka achoke kunitimua.

Nikapiga hodi. Akatoka. Amekonda, karai sikuliona. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia vizuri. Akapangusa kiti cha pekee alichokuwa nacho kwa ncha ya khanga, akanikalisha mimi, yeye akakaa kizingitini. Akamtuma jirani dukani akaniletee soda ya baridi.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia yote: ufunguo, kalamu, na lile la jioni ile, kwamba ni mimi niliyepaza sauti aandikwe yeye. Nilikuwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata neno moja, yeye ambaye hakuwahi kuniacha nimalize sentensi miaka kumi na tisa.

"Yamekwisha hayo, baba," alisema. "Watoto hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Akasema vyema. Akauliza na mama watoto hajambo. Akauliza maji yanapanda hadi juu huko. Akauliza na kazi, nikasema tunashukuru. Kisha nikainywa ile soda yote, maana nisingeweza kuiacha. Nilipoinuka alinisindikiza hadi barabarani, akanikataza nisimsindikize kurudi, akanishukuru sana kwa kuja kumtazama.